Mzigo wa Babu

Lukumani alishuka Tabora na begi tupu na koti la kuazima. Hata chai ya stendi hajaimaliza, akaona karani anajikanda shingo, mwalimu anajikanda shingo, na muuza simu kainama na chaja, kashika kichwa. Mtu mwingine angewapa pole. Lukumani aliona shamba limeiva.

Siku chache tu, begi likawa linalia kwa hereni na bangili za watu aliowaahidi kuwaponya. Ndipo akaingia kwa Theodora, fundi cherehani. Huyo alikuwa anashinda ameinama hadi maumivu yanaanzia shingoni, yanapanda kichwani, yanatokea jichoni. Nesi alishamwambia ainue meza. Meza bado iko chini.

"Shikamoo mama. Kichwa hicho?"

"Marahaba. Kimekataa dawa zote."

"Lazima kikatae. Babu zenu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu vichwani toka Ujiji mpaka pwani. Mizigo ikatuliwa, shingo hazikuambiwa. Halafu wewe unaongeza dhahabu juu yake. Nipe huo mkufu nikautue Bagamoyo, mzigo ufike."

Mkufu ndio kitu pekee alichoachiwa na marehemu mama yake. Lakini jicho lilikuwa linapwita. Theodora akaanza kuufungua.

"Na ya Bagamoyo umeyajulia wapi?"

Angenyamaza tu, angekuwa mbali.

"Mimi Mzaramo, mama. Babu zangu ndio walioipokea mizigo yenu. Mimi mtani wako kabisa."

Kwao Singida.

Theodora akaufunga mkufu. "Mtani? Na unaniamkia kama mkwe? Lete begi."

"Mama..."

"La kwangu hilo. Na koti. Mtani akichukua chako hanuniwi."

Mafundi wa jirani wakaacha kushona. "Mvue na viatu, Theodora. Mzaramo gani huyu, hata kutukana hajui?"

"Kusema kweli," Lukumani akanong'ona, "mimi sio Mzaramo."

"Kumbe?" Theodora akauliza. "Basi mzigo wetu nani aliupokea? Na hizi bangili ni za nani, tumwite mwenyekiti wa mtaa?"

Lukumani akapiga hesabu. Mtani anachekwa, mwizi anapigwa. Akacheka kuliko wote, akavua viatu mwenyewe.

Jioni hiyo wenye bangili walichukua zao, na Theodora akaweka matofali chini ya meza ya cherehani.

Lukumani alikwenda stendi peku, macho chini njia nzima, anakwepa miiba na chupa. Alipofika, shingo imekaza kama mti, na kichwa kinamgonga mpaka jichoni.