Chai ya Kwanza Apewe Nani

Jumapili, 2 Machi 2014

Mkutano wa komiti, Hounslow. Wamezua jambo. Bwana Suresh, mwenyekiti wetu, mzaliwa wa mtaa wa Hurumzi kule kwetu visiwani, miaka thelathini akipiga hesabu za bima hapa London, kasema timu zetu nne za mpira zinachagua wachezaji kila Machi tangu 2006 na hakuna aliyewahi kuangalia kama tunachagua au tunabahatisha. Sasa kila mchaguaji atapimwa kwa alama za wachezaji aliowachagua miaka yote minane. Atakayeshika mkia anaondolewa.

Mchaguaji wa timu ya Wete ni mwanangu Shaame. Tangu siku ya kwanza! Alivunjika mguu ana miaka kumi na tisa, hachezi tena, na kazi hii ndiyo mpira uliombakia. Siku ya kuchagua, vijana wanakaa ukumbini, wachaguaji wanaita jina kwa zamu mpaka waishe, na Shaame humtazama mtu anavyoinuka kwenye kiti akajua kama atafunga magoli. Anajua miguu ya watu kama mie ninavyojua mchele.

Bi Zainab, ambaye mwanawe anachagulia timu ya Chake, alitabasamu mkutano mzima. Nimelihifadhi tabasamu lile.

Jumanne, 4 Machi

Zamu yangu ya kupanga trei za chakula cha abiria wa ndege imeisha saa nane. Nikapanda treni mpaka Acton Town, nikabadilisha, mpaka Rayners Lane kwa Bwana Suresh. Na visheti mkononi. Mtu haendi mikono mitupu kwa mwenye kupima.

Nikamweleza kwa utaratibu kwamba katika kuchagua, wa kwanza ndiye anayeonyesha jicho la mchaguaji. Wa mwisho ni mabaki, kila mtu anachukua. Kwa hiyo alama za wa kwanza zizidishwe mara tatu. Akafikiri. Akala visheti vinne. Akasema ni hoja nzito. Akaandika!

Halafu akalalamika kuwa hakuna kumbukumbu ya nani alichaguliwa wa ngapi. Nikamwambia ipo, ninayo mie. Siku ya kuchagua mie ndiye ninayepika na kugawa chai, na kila mwaka naandika kwenye daftari la timu. Karibu anikumbatie.

Humu naandika ukweli, maana humu hasomi mtu. Wachaguliwa wa kwanza wa Wete wote ni macho yangu. Tuna ishara yetu: kijana ninayempa chai kabla ya wenzake, Shaame humwita wa kwanza. Vijana wenye adabu, wenye kazi, ninaowajua mama zao. Na aliyechaguliwa wa kwanza huja kula kwetu baada ya mechi, ndiyo desturi ya Wete. Mie ndiye niliyeianzisha. Binti yangu Suad ni mfamasia, ana miaka thelathini na moja, na bado hajaolewa. Basi. Sijafanya dhambi.

Mara tatu! Shaame atapita juu ya wote.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi nimempa Suad daftari la timu. Ni sekretari wa komiti, atalipiga chapa. Shaame aliposikia habari ya mara tatu akaweka kijiko chini. Akaniuliza, kwa Kiingereza chao, kama nina uhakika. Nikamwambia amwamini mama yake. Hakumaliza uji.

Saa tano, kati ya trei za kuku na trei za samaki, nikakumbuka. Pembeni mwa lile daftari nilikuwa naandika maoni yangu. Ya miaka yote minane.

Nikaomba ruhusa. Nikaenda mpaka duka la dawa anakofanya kazi Suad, nikakohoa kwenye foleni ili nisitiliwe shaka. Zamu yangu ilipofika nikamnong'oneza anirudishie daftari mara moja, kuna hesabu ya vitunguu nataka kuitazama. Akanijibu kuwa daftari sasa ni mali ya komiti. Akaniuzia dawa ya kifua. Chungu mno.

Jumapili, 9 Machi

Nimefika mapema. Nimevaa kanga mpya. Afadhali ningebaki nyumbani.

Bwana Suresh akasoma alama. Kabla ya kuzidisha, Wete wa kwanza. Nikapiga makofi peke yangu. Baada ya kuzidisha, Wete wa mwisho! Nyuma hata ya Chake! Bi Zainab akamshukuru yeyote aliyetoa wazo lile la mara tatu. Shaame akainama akaanza kulitazama goti lake.

Hapo Suad akasimama, akasema kuna maandishi pembeni mwa daftari ambayo komiti lazima iyasikie kabla ya kuamua. Akayasoma kwa sauti ile ile anayosomea ajenda.

Mwaka 2007, wa kwanza Nizar. Benki. Mama yake mpole. Nimempa chai mapema. (Nizar alicheza nusu saa, akatoka kwenda kupokea simu. Hajarudi.) Mwaka 2010, wa kwanza Hamad. Daktari wa meno, ana nyumba yake Harrow. Anahema akipanda ngazi, lakini mpira si kila kitu. Mwaka 2008, wa mwisho Praful, mtoto wa duka la Rayners Lane. Shaame kamng'ang'ania, sijui kaona nini kwake. Chai imemkuta baridi.

Praful ametufungia magoli thelathini na moja. Alikuwepo. Alicheka mpaka akatolewa nje.

Bwana Suresh akavua miwani, akamuuliza Shaame kama ni kweli.

"Ni mama yangu," Shaame akasema.

Suad akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu amalize shule akanisemesha kwa Kiswahili mbele za watu: "Wanane, mama?"

"Saba," nikamwambia. "Wa 2012 alikuwa wa binamu yako."

Komiti imeamua: wachaguliwa wa kwanza wa Wete wote wafutwe, si kazi ya Shaame. Wakafutwa. Wete juu, kwa mbali. Shaame anabaki. Ila Mama Shaame marufuku kuingia ukumbini siku ya kuchagua. Mwisho wangu jikoni.

Kwenye basi nilimwomba radhi mwanangu. Akasema alikuwa akijua miaka yote, wa kwanza ni wangu, waliobaki wake, na waliobaki walimtosha. Akanibebea mfuko. Mwanamume yule nimemzaa mie.

Jumapili, 16 Machi

Siku ya kuchagua. Nimekaa jikoni kama nilivyoamriwa.

Sikumtafuta mtu. Kijana mwenyewe alipotea njia akitafuta choo, akaingia jikoni, akanipa shikamoo kamili, ameinama. Anapima macho, ana duka lake. Mama yake wa Konde. Anachechemea kidogo.

Aliyekuwa akibeba trei ni Jotham, golikipa wetu, mtoto wa Kikenya, hana maswali. Nikamwambia kikombe cha kwanza kiende kwa yule mpima macho.

Kikombe kilipowekwa, ukumbi mzima ukakigeukia. Nilichungulia kwenye dirisha la kupitishia sahani. Shaame akakitazama kikombe, akautazama mlango wa jikoni, akamwita bwana mmoja mwembamba, mwalimu wa hesabu, viatu vimezungushiwa utepe wa gundi. Bi Zainab akamnong'oneza mwanawe haraka haraka. Chake wakamchukua mpima macho. Kufika alasiri alikuwa anakula biriani la Bi Zainab, na mwali wa Bi Zainab anamwekea kachumbari.

Suad hata hakuona hasara tuliyoipata. Alikuwa kwenye meza yake akiandika jina la yule mwalimu mwembamba. Jina lenyewe fupi, sijui alikuwa akiandika nini muda wote ule.

Kosa langu nimeliona. Chai ya kwanza kila mtu anaitazama. Mwakani nimtakaye nitampa ya pili.