Logi ya Duka la Dobi

Jumatatu, 3 Machi
Saa nne kasoro, simu. Dada wa kaunta, duka la dobi. Eti fundi, kompyuta imeganda tena. Nikajifanya nimekereka. Moyoni sherehe.

Inaganda kwa sababu programu yake niliitengeneza mimi. Kila nguo ikipokelewa, programu yangu huongeza mstari kwenye faili la logi: nguo gani, ya nani, rafu ipi. Ila kwa mstari huo mmoja hulisoma faili lote tangu mwanzo, kisha huliandika lote upya. Mistari laki mbili kwa ajili ya shati. Mwaka wa kwanza ulikuwa ujinga. Sasa ni mpango.

Nimeenda, nimebonyeza vitufe, nimekunja uso kitaalamu. Dada akanimiminia chai, akanisimulia goti la mama yake. Nusu saa nzima. Mwezi mzima sasa hakuna mwingine aliyenipigia, ukiacha matangazo ya kampuni ya simu.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Mama mwenye duka kachoshwa, kamleta mpwa wake. Mpwa ana miwani na adabu ya kuudhi. Kanipa shikamoo, kisha kauliza kwa upole kwa nini nalisoma faili zima, wakati lingefunguliwa mara moja asubuhi, likaachwa wazi, na kila mstari mpya ukaongezwa mwishoni bila kugusa ya juu. Nikasema hilo nilikuwa nalifikiria. Mama akasema basi mpwa arekebishe.

Niporwe kazi mchana kweupe? Nimerekebisha mwenyewe, palepale. Mistari miwili ya programu. Sasa Dada hajainua kidole, shati limeshaandikwa. Fahari ilinijaa hata nikasahau nimefanya nini.

Jumatatu, 10 Machi
Siku sita. Simu kimya. Nimekagua chaji. Nimeazima simu ya jirani nikajipigia. Inalia vizuri. Jirani akauliza kama niko salama, nikamwambia napima mtandao.

Chai ya peke yangu haina ladha hata niweke sukari vijiko vinne. Niandike tu: nina upweke. Na goti la mama yake Dada limefikia wapi, sijui.

Jumanne, 11 Machi
Mpango mpya. Mpwa alitaja pia kwamba mistari inaweza kukusanywa kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta, mia mia, ndipo iandikwe kwenye faili kwa mkupuo. Diski inapumzika. Wazo zuri, nimelichukua. Ila mimi nimeweka elfu moja. Ikitimia inamwagwa, halafu nimeiamuru mashine isinzie dakika tano. Si kosa hilo, ni usingizi. Atapiga.

Nimeituma programu kwa mtandao kabla duka halijafunguliwa. Nimenyoa ndevu.

Jumatano, 12 Machi
Simu saa mbili na nusu! Mama mwenye duka.

Sikupiga hesabu. Duka hupokea nguo mia nne kwa siku, elfu haikufika. Jioni Dada akachomoa waya ukutani, kama afanyavyo kila siku, na mistari yote iliyokuwa ikingoja ikapotea. Nguo mia nne, hakuna ajuaye ni za nani. Bwana mmoja kasimama kaunta anataka suti, ana usaili wa kazi saa tano. Tukapekua rafu sote wanne. Mpwa hakunicheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Suti ikapatikana saa tano kasoro dakika kumi.

Mama akasema kuanzia leo mashine ni ya mpwa. Nikaaga. Dada alikuwa bado rafuni, hakuniona nikitoka. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Ijumaa, 14 Machi
Dada kapiga. Nikauliza nini kimeganda. Akasema hakuna kitu. Mpwa kamwonyesha ile amri ya kusinzia, na wakaisoma mara mbili. Nikangoja matusi. Akasema fundi, si ungekuja tu? Chai ipo kila siku. Kesho saa nne nije, hata bila sababu.

Nimekaa kitandani nikalia kidogo. Simu nilikuwa nimeshaikata.

Nitaenda. Lakini mtu hawezi kuingia dukani kwa watu hivi hivi, mikono mitupu, wataniona sina pa kwenda. Nimelitoa shati langu jeupe, jipya, nikalidondoshea wino. Nikaona doa lenyewe dogo, litatoka upesi.

Nimemimina chupa nzima.