Nilivyompokea Mwanafunzi wa Denmark Stendi ya Makambako

Leo nimeaibika mchana kweupe, tena nikiwa na suti na tai. Nawaandikia nikiwa ndani ya gari, nje ya geti la chuo, naogopa kuingia. Someni taratibu, na msimtumie mtu.

Wengi mnanijua. Kwa asiyenijua: mimi ni mtoto wa mkulima wa viazi. Nilijisomesha mwenyewe hadi Poland, nikaosha sahani za watu na kusoma, nikarudi na stashahada ya biashara. (Nimeitia kwenye fremu, mkabala na mlango wa ofisi, ili anayeingia aione kabla hajaniona mimi.) Hapa Njombe, kwenye chuo chetu cha biashara, mimi ndiye mwalimu pekee aliyesoma ng'ambo. Mkuu wa chuo, Mama Mligo, aliponiteua kuwa Mratibu wa wanafunzi wa kubadilishana, sikushangaa. Nilishangaa kwa nini alichelewa.

Mpango wenyewe ni rahisi. Chuo kimoja cha Denmark kinatuletea mwanafunzi mmoja. Akifika salama na wao wakaridhika, sisi tunawapelekea wa kwetu. Wa kwetu ni Tumaini, binti wa kijiji cha Yakobi, hesabu anazifanya kama anakula karanga. Mama yake ameshamfumia sweta mbili nzito, na kanisani wameshamwombea Jumapili mbili mfululizo. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja: leo saa tano kamili, profesa wa Denmark apige simu ya video na amwone mwanafunzi wake, Ingrid, yuko mikononi mwetu. Asipomwona, mpango umekufa na Tumaini habanduki Yakobi.

Sasa rudini nyuma miezi mitatu. Karani wetu, Upendo, aliniuliza tumtumie Ingrid masharti gani ya kujiunga. Nikamwambia anipe fomu ileile ya mwaka wa kwanza. Nikaitafsiri yote kwa Kiingereza jioni moja. Masharti ishirini na manne!

"Mwalimu, yote?" Upendo akauliza. "Mgeni wa watu, hata yale ya ukurasa wa pili?"

"Upendo, mimi nilipokwenda Ulaya waliniomba picha ya mapafu. Mapafu! Niliwaambia wapunguze?"

"Hapana, lakini..."

"Basi. Masharti ni masharti."

Nikatia sahihi. Chini ya sahihi nikaandika stashahada yangu, na daraja nililopata.

Leo asubuhi nikaondoka Njombe kungali na ukungu. Upendo alinifuata hadi garini na bango kubwa lenye jina INGRID. Nikalitupa kiti cha nyuma. Mimi, niliyekaa Ulaya miaka minne, nisimame stendi na bango kama mpiga debe? Mzungu nitamjua kwa macho.

Makambako nilifika saa mbili na nusu. Stendi ilikuwa imejaa, maana wiki hii kidato cha tano wanaripoti shuleni. Mabinti kila kona, sketi za bluu, mashati meupe, masweta ya kijivu, ndoo, mafagio, majembe. Basi la usiku kutoka Dar likaingia. Nikakaza tai. Nikasimama karibu na mlango, nikaandaa tabasamu la kimataifa.

Wakashuka wakinamama. Wakashuka wafanyabiashara. Mzungu hakuna.

Wakati nanyoosha shingo, binti mmoja akanigusa bega. Mweusi, mrefu, sketi ya bluu, sweta la kijivu. Begi mgongoni, mkono mmoja ndoo yenye fagio, mwingine jembe.

"Shikamoo," akasema. "Mimi ni mwanafunzi. Njombe."

"Marahaba, mwanangu. Subiri kidogo, nina mgeni wa maana hapa."

Akasubiri. Nikamaliza kuchungulia madirisha yote, bado yupo.

"Mwanafunzi. Njombe," akarudia, polepole.

Nikamwonea huruma. Mtoto wa watu ametoka mbali, pengine ndiyo mara ya kwanza kusafiri peke yake. Nikambebea ndoo mwenyewe (nieleweni, mimi ni muungwana), nikampeleka hadi kwenye Kosta iliyokuwa inawapeleka mabinti sekondari ya wasichana, Njombe. Nikamwambia kondakta kwa sauti ya mzazi, "Huyu mshushe getini kabisa. Mwanafunzi mzima anakuja na adabu namna hii, siku hizi hawapo."

"Asante sana," binti akasema, akaniinamia kidogo.

Nikamwambia, "Ukalime vizuri!" Kosta nzima ikacheka. Nami nikacheka. Kosta ikaondoka.

Nikarudi kwenye basi la Dar. Tupu! Jasho likaanza kunitoka, na hiyo baridi ya mwezi wa saba mnaijua. Nikamkimbilia kondakta.

"Ndugu yangu, kuna mzungu amebaki ndani?"

"Mzungu? Leo sijabeba mzungu, mzee."

"Haiwezekani! Anatoka Denmark. Anaitwa Ingrid."

"Aaa, Ingrid! Kiti namba tisa." Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Si huyo uliyembebea ndoo? Mimi nikajua mmeshapokeana."

Jamani.

Nilikaa Ulaya miaka minne, mweusi tii, kila siku mtu ananiuliza kwani natoka wapi hasa, nami nikinuna hadi jioni. Halafu leo, mimi huyuhuyu, nimemkosa Mdenmark kwa sababu ni mweusi!

Lakini jembe? Jembe la nini? Nikakimbilia garini, nikafungua nakala ya barua yangu, nikaenda ukurasa wa pili. Sharti namba kumi na moja: jembe lenye mpini. Namba kumi na mbili: fyekeo. Namba kumi na tatu: fagio. Namba kumi na nne: ndoo yenye mfuniko. Namba kumi na tano: sketi ya bluu, shati jeupe, sweta la kijivu. Kiingereza chake safi kabisa, kwa kweli. Sikuona kosa hata moja la tafsiri.

Saa tatu na robo. Kosta ilishapotea. Makambako hadi Njombe ni kilomita sitini, na mbele yangu lilikuwa lori la mbao linalopanda mlima kama linakwenda msibani. Simu ikalia. Mama Mkuu.

"Mwalimu Sanga, umempata mtoto?"

"Tuko njiani, Mama."

(Sikusema uongo. Sote tulikuwa njiani. Magari tofauti.)

"Amefurahi?"

"Alinishukuru sana, Mama."

"Haya. Saa tano, usisahau. Mama Tumaini yuko hapa tangu saa moja, ameleta maziwa ya mgeni."

Nikakata simu. Tumaini nilimwona mbele yangu kwenye kioo cha gari, amevaa sweta zote mbili, anapalilia viazi.

Shule yenyewe iko nje kidogo ya mji. Nilifika saa tano kasoro dakika kumi, nikaegesha gari vibaya, nikamkuta mwalimu wa zamu, mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni.

"Kamwene, baba," akanisalimu kwa lugha ya kwetu. "Umeleta mtoto?"

"Kamwene. Nimekuja kumchukua."

"Kumchukua? Mbona ndiyo kwanza wameingia?"

"Kuna mmoja si wa hapa. Mrefu. Kiswahili chake kidogo."

"Ah, yule!" Uso ukamng'aa. "Baba, jina lake sikuliona kwenye orodha, lakini tangu nianze kazi sijaona binti aliyekuja amekamilika vile. Wenzake huyu hana ndoo, yule jembe halina mpini. Yeye kila kitu! Nimemsimamisha mbele awe mfano."

"Sasa yuko wapi?"

"Shambani. Anawaongoza."

Nilikimbia na viatu vyangu vya ngozi katikati ya matuta. Mabinti kama sitini wamejipanga, majembe juu, majembe chini. Mbele yao, sketi imejaa udongo mwekundu hadi kiunoni, ni Ingrid.

Nikaita jina lake. Akaacha kulima, akasimama wima kama askari. Nikajitambulisha kwa Kiingereza. Akatoa macho.

"Wewe ndiye Mwalimu Sanga? Yule wa stendi?" Kisha akainamisha kichwa. "Naomba radhi. Fyekeo sina. Nilikuwa nalo, lakini uwanja wa ndege walinikalisha saa nzima wakiniuliza nataka kumfyeka nani. Tafadhali msinirudishe."

Kabla sijajibu, simu ikalia. Saa tano kamili. Kwenye kioo, upande mmoja profesa, mzee wa miwani. Upande wa pili Mama Mkuu, na nyuma yake kitambaa cha kichwa cha Mama Tumaini.

Nikaishika simu karibu sana na uso wa Ingrid, ionekane pua na macho tu. Jembe nikalikanyaga kwa mguu.

"Ingrid! Umefika salama?"

"Salama, profesa."

"Vizuri. Mwalimu Sanga, taratibu zote za kujiunga zimekamilika?"

"Zote, profesa," nikasema. Nikaanza kupumua. Nilibakiza sekunde kumi tu, ndugu zangu. Sekunde kumi!

"Hapana," Ingrid akasema. "Samahani, moja bado."

Akatoa barua yangu mfukoni. Wadenmark hawajui kufichiana aibu. Akainama, akalivuta jembe chini ya kiatu changu (nusura nianguke), akaliinua mbele ya kamera. "Namba kumi na moja, hili hapa. Namba kumi na mbili, fyekeo, ndilo lililochukuliwa. Fagio lipo, nimelifunga mwenyewe kwa matawi ya mti wa kwetu. Na namba kumi na tisa inasema mwanafunzi atatii maelekezo ya kila mwalimu bila kuhoji, ndiyo maana ninalima."

Kisha akasoma sahihi. Jina langu. Stashahada yangu. Daraja langu. Neno kwa neno.

Kunguru akalia.

"Mwalimu Sanga," Mama Mkuu akasema, kwa Kiswahili, kwa upole unaotisha.

"Naam, Mama."

"Geuza simu."

Nikageuza. Mabinti sitini na majembe yao wakatutazama. Mmoja akapunga mkono.

"Hapo ni chuoni kwetu?"

Nyuma yake nilimsikia Mama Tumaini akinong'ona, "Yesu wangu." Na mwalimu wa zamu, ambaye alikuwa ameshafika nyuma yangu, akajibu kwa niaba yangu, "Hapana, Mama. Hapa ni sekondari ya wasichana. Huyu baba ndiye aliyemtuma kwa Kosta."

Profesa akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akamuuliza Ingrid swali moja, na mimi moyo ukasimama, kwa sababu Tumaini mzima alikuwa ndani ya jibu lile.

"Ingrid, unataka kurudi nyumbani?"

Ingrid akatazama shamba. Akatazama mikono yake, imeshatoa malengelenge.

"Sasa hivi siwezi," akasema. "Tuta langu halijaisha."

Profesa alicheka hadi miwani ikaanguka. Alicheka akapotea kwenye kioo, akarudi, akacheka tena. Alipopata sauti alisema Tumaini ajiandae, barua yake inakuja. Nikasikia kigelegele cha Mama Tumaini kikipasua simu, na mabinti sitini wakakidaka bila kujua ni cha nini.

Mama Mkuu hakupiga kigelegele.

"Mwalimu, masharti ya wageni kuanzia leo ataandika Upendo. Mlete mtoto, anywe maziwa. Halafu nenda madukani mtaa wa Ramadhani ukamnunulie fyekeo. Usirudi ofisini bila fyekeo."

"Mama, lakini fyekeo kwa kweli si lazima..."

"Masharti ni masharti."

Ndiyo hivyo. Ingrid yuko ndani anakula na kucheka na kila mtu. Mimi niko hapa garini, fyekeo liko kiti cha mbele, limefungwa kwa gazeti, na bango la INGRID bado liko kiti cha nyuma. Nilikuwa nimeshapata ujasiri wa kuingia, ndipo ukaingia ujumbe wa Tumaini:

"Shikamoo mwalimu. Asante sana kwa yote. Mama anauliza, jembe la Denmark niende nalo la hapa nyumbani, au nitanunua hukohuko?"

Na ninyi mnaocheka, kumbukeni mwenzenu nina fyekeo.