Uhabeshi Umechachuka

Jumamosi, 10 Mei 2025

Baridi kali. Nimekubali jambo.

Mwalimu Hellena ameniomba niende shuleni kwake, hapa hapa mtaani kwetu Izia, wiki nzima ya jiografia. Kila mchana niwaonjeshe walimu na kamati ya wazazi chakula cha nchi moja ya mbali. Kanichagua mimi kwa sababu nilimwambia nilipika miaka minane kwenye hoteli ya watalii Unguja. Miaka minane ni kweli. Hoteli ni kweli. Kupika, hapana. Nilikuwa mlinzi wa getini.

Sikuwa na nia mbaya. Nina miaka thelathini na tisa, nampenda, na mwezi ujao nataka kupeleka barua ya posa kwao. Mtu hapeleki posa akiwa na sifa ya kushika rungu.

Halafu kuna Basil. Ana hoteli ya supu na chapati pale Majengo, anavaa aproni hata akienda benki. Yumo kwenye kamati ya wazazi. Naye anamtaka Hellena, mji mzima unajua. Kasema atakuja kuonja kila siku. Aje!

Jumatatu, 12 Mei

Italia. Simu inasema Waitalia wa kaskazini wanakula polenta. Nimesoma mapishi mara mbili. Ni ugali! Watu na suti zao wanasonga ugali. Nikaona kazi imekwisha kabla haijaanza.

Nikasonga sufuria mbili, nikatangaza polenta. Basil akanyoosha mkono, akauliza tofauti yake na ugali. Nikajibu kwamba Waitalia huzungusha mwiko kushoto. Makamu mkuu, Mwalimu Alphonce, mlokole na mtu wa kumbukumbu, akaliandika hilo kwenye daftari. Kisha wote wakanawa, wakamega matonge, wakauliza mboga iko wapi. Sikuwa na mboga.

Hellena alicheka. Sijui ni cheko la kunipenda au la kunihurumia. Naandika la kunipenda.

Jioni nimeloweka unga wa ulezi kwenye ndoo kwa ajili ya Alhamisi, siku ya Uhabeshi. Wahabeshi huchachusha unga siku tatu, wakautandaza kwenye chuma cha moto, ukawa chapati pana laini. Wao wana nafaka yao, sisi tuna ulezi. Ila kwa baridi hii ndoo haiwezi kuchachuka yenyewe. Nimeifunika blanketi langu na kuiweka karibu na mafiga. Mimi nitalala na koti.

Jumanne, 13 Mei

Japani. Samaki mbichi juu ya wali. Migebuka wamekuja na basi kutoka ziwani Kabwe, kwenye barafu. Nimekata vipande vyembamba. Nimekata na kidole.

Nikawaeleza wageni kwamba Wajapani huishi miaka mingi sana. Hakuna aliyegusa sahani. Mjumbe mmoja wa kamati akauliza kwa heshima kama mkaa umeniishia. Basil akasimama, akaomba kikaango. Dakika kumi tu, Japani yote ikawa imekaangwa kwa chumvi na ndimu. Watu wakapiga makofi. Hellena akala vipande vitatu.

Namchukia Basil kwa moyo wangu wote. Nilikula viwili.

Jumatano, 14 Mei

Ugiriki. Wanasifika kwa yogati nzito. Asubuhi nilinunua maziwa ya mgando kwa Minza, yule mama wa Kisukuma anayeuza kwa kibuyu, nikayamimina kwenye bakuli, asali juu. Safi kabisa.

Hellena akaonja kijiko kimoja. Kasema haya ni maziwa ya shangazi yake Minza, ule moshi wa kibuyu anaujua tangu akiwa anatambaa. Nikasema Wagiriki nao hufukiza vibuyu. Akauliza kama Ugiriki kuna vibuyu. Nikasema tele!

Leo hakucheka. Alinitazama kama anasahihisha mtihani.

Nimekaa nikatafakari kosa langu liko wapi. Nimeliona. Nilinunua kwa ndugu yake. Siku nyingine ninunue kwa mtu baki.

Alhamisi, 15 Mei

Mungu wangu!

Asubuhi nafunua blanketi: ndoo zimekuwa mbili. Ndani si unga tena, ni kitu chepesi, kinatoa povu, na harufu yake naijua vizuri. Nikamwita dada yangu Bertilla, maana nyumba ni yake na jiko ni lake. Akajibu bila hata kugeuka. Kasema juzi alikuta mtu ameanza pombe akaiacha njiani, haina hata kimea, akaona aibu. Akatia kimea, akaongeza maji ya uvuguvugu, akagawa ndoo mbili. Sasa imeiva, na mimi nimekaa tu, hata asante hakuna. Nikamweleza kuhusu chapati. Akaniuliza ni Mfipa gani anayeona ulezi unachachuka jikoni akafikiria chapati.

Sikuwa na muda wa kubishana. Nikachuja, nikapasha moto kidogo, nikatupia tangawizi, nikaiita supu ya Kihabeshi.

Mwalimu Alphonce, ambaye hajagusa pombe tangu aokoke, alikunywa mabakuli matatu, akasema Wahabeshi ni watu waliobarikiwa. Baada ya la nne alipanda juu ya meza akaanza mapambio. Ana sauti nzuri, lazima niseme. Basil alinusa bakuli lake, akaliweka chini, akatabasamu. Akatangaza mbele ya wote kwamba hii ni pombe ya ulezi, imeiva vizuri, na nimfikishie Bertilla salamu.

Mkuu wa shule kadai barua ya maelezo. Kutoka kwa Hellena! Siyo kwangu. Hellena alikusanya mabakuli yote peke yake. Nikataka kumsaidia, akaniambia niende nyumbani. Nimeharibu. Moyo unaniuma kweli.

Ijumaa, 16 Mei

Ilikuwa siku ya Meksiko. Sikuwa na nguvu za kudanganya. Nikapika kande, mahindi na maharage, kama alivyokuwa akipika marehemu mama. Nikaweka sufuria mezani, nikasema kande. Basi. Hakuna aliyeuliza nchi. Sufuria imerudi tupu. Mwalimu Alphonce hakuja, anaumwa kichwa.

Hellena alikula sahani mbili, halafu akaniita pembeni. Kasema juzi jioni alipiga simu ile hoteli ya Unguja. Wakamwambia wanamkumbuka sana Cleophas wa getini, kijana mpole, hakusinzia zamuni hata siku moja. Nilitamani ardhi ipasuke. Kasema kilichomuuma si rungu, ni kufanywa mjinga mbele za watu. Kasema Basil ameshaleta maneno ya posa, na baba yake, Mzee Malimi, anasubiri jibu.

Kisha kasema mtu aliyepika kande ile angemfaa, kama angejua kusema ukweli.

Kasema niende Jumapili baada ya misa, nimsalimie mzee. Nisibebe chochote. Nikiulizwa kazi, nijibu kwamba nilikuwa mlinzi. Mzee mwenyewe alianza maisha kwa kulinda ng'ombe wa watu, kazi hiyo anaiheshimu kuliko zote. Neno moja tu.

Nimelia kidogo, kwa furaha. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mlinzi. Mlinzi. Mlinzi. Linatoka bila shida.

Jumapili, 18 Mei

Kwa Mzee Malimi, nje kidogo ya mji. Shikamoo. Marahaba. Nikapewa kiti. Hellena kasimama mlangoni, khanga mpya. Na kwenye kiti cha pili? Basil! Na majogoo mawili.

Mzee akamuuliza Basil kazi yake. Mpishi. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akanigeukia mimi. Neno lilikuwa tayari ulimini. Basil akanitazama na kutabasamu. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema daktari wa mifugo.

Hellena akafumba macho.

Mzee akainuka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kasema Mungu ndiye kanileta. Zizini kuna ng'ombe mtamba, uzao wake wa kwanza, anahangaika tangu alfajiri, ndama amekwama, na daktari wa kata hapokei simu.

Naandika haya nyuma ya zizi. Nimeagiza maji ya moto, sabuni na kamba. Madaktari wote huagiza maji ya moto. Anayechemsha ni Basil, katumwa na mzee, na anaitikia ndiyo daktari. Ndiyo daktari! Tangu wiki ianze, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuwa mbele yake.

Hellena amekuja kuniuliza kama nitasema ukweli sasa, kabla ng'ombe wa baba yake hajafa. Nimemjibu nitasema, ndama akishatoka tu. Kisha nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kama anajua mkono unaingia mpaka wapi.