Sekunde Kumi na Moja za Uso Wangu

Jumamosi, 4 Februari

Nimepata! Filamu ya kuchekesha ya vijana, inapigwa likizo hii ya nusu mwaka kwenye shule moja hapa hapa Shubra, mtaani kwetu. Na mimi niko mwanzoni kabisa! Miaka ishirini na mitatu najaza umati kwenye filamu za watu. Nimekuwa abiria, nimekuwa msindikiza jeneza, na Ramadhani iliyopita nilikuwa maiti kwenye tamthilia. (Ilionekana miguu tu. Lakini niliiigiza vizuri hiyo miguu.) Safari hii ni mzazi langoni. Tuko wazazi kumi na mmoja, sawa, ila hao kumi hawana mvuto wowote.

Inshirah, mke wangu, kauliza kama na safari hii nitafunikwa shuka.

Baadaye binti yetu Raghda akanifuata jikoni. Ana miaka kumi na minne na miwani mpya asiyoipenda. Wenzake wa darasani wamechukuliwa kuigiza wanafunzi. Akaniapisha: nisijitambulishe, nisimtaje, hata mkono nisipunge. Mwaka jana walimwita Binti Maiti muhula mzima. Mimi sikujua! Akasema, "Baba, tafadhali." Nikaapa.

Jumapili, 5 Februari

Mkakati wa leo: tai ya njano. Kamera gani itaipita tai ya njano? Nafika, namkuta Bayumi, mshindani wangu wa miaka yote, amejifunga bendeji kichwani. Nikamuuliza kaumia wapi. Kasema hajaumia popote, ila mzazi mwenye bendeji watu watataka kujua habari zake. Mshenzi yule! Wazo zuri sana.

Malak, msaidizi wa mwongozaji, dada mdogo tu, alitutazama sote wawili akatupeleka nyuma ya mti. Nikamweleza kwa upole kwamba mwanzo wa filamu unahitaji mtu mzima mwenye haiba. Akasema mzee wangu, mwanzo huu ni wa vijana. Kijana asipojiona mwenyewe mle kabla jina la filamu halijatokea, anatoa simu mfukoni, na akishaitoa basi, umempoteza. Ndiyo maana wameweka muziki, pikipiki, na mvulana anayechelewa shule na kuruka ukuta. Nikauliza kama huyo mvulana hawezi kuniangukia mimi. Akasema hawezi.

Jumatatu, 6 Februari

Lahaula! Siku gani hii!

Wakati wa mapumziko Inshirah alimtuma Raghda aniletee chakula, kabeji iliyofungwa wali ndani, pamoja na dawa yangu ya presha niliyoisahau. Mtoto kaja kainamisha kichwa, anataka aiache sufuria akimbie. Nami nilikuwa nimeazimia kutomjua. Wallahi nilikuwa nimeazimia! Lakini alikuwa na doa la maharage kidevuni. Na upepo ulikuwa mkali. Mikono ikaenda yenyewe. Nikamshika kidevu, nikalowesha leso kwa ulimi, nikamsugua. Nikamvua miwani nikaipangusa kwa tai. Nikampandisha zipu ya jaketi mpaka shingoni. Na alipokuwa anaondoka nikamwita, mbele ya wanafunzi sitini: "Raghda! Fulana ya ndani umevaa?"

Bayumi alicheka mpaka bendeji ikamteremkia machoni.

Jioni Raghda kaniambia neno moja tu: "Uliapa." Akafunga mlango wa chumba chake. Nikamfariji nikiwa nje ya mlango kwamba hakuna aliyeona. Ila hao sitini. Hakufungua. Kabeji yote nimeila peke yangu na haikuwa na ladha.

Alhamisi, 16 Machi

Malak kapiga simu! Nilidhani anadai bendeji, maana Bayumi aliitupa nikaiokota, huwezi kujua itafaa lini. Kumbe sivyo. Walikusanya vijana arobaini wa klabu fulani wakawaonyesha dakika tatu za mwanzo. Pikipiki ikapita, vijana wakatoa simu. Mvulana akaruka ukuta, simu bado mkononi. Ndipo mhariri, kwa kuishiwa maarifa, akachomeka sekunde kumi na moja ambazo mpiga picha alizinasa akijaribu mwanga, wakawaonyesha upya. Mzee langoni anamsugua binti yake kwa mate!

Simu zote chini, anasema Malak. Vicheko, makelele. Mmoja kasimama akapiga ukelele: "Huyo ni baba yangu kabisa!" Mwingine akadai huyo ni mama yake. Walitaka irudiwe mara nne. Sasa filamu nzima inaanza na mimi. Uso mzima! Bayumi anaonekana sikio tu.

Kanitumia kipande chenyewe kwenye simu, na fomu ya idhini, kwa kuwa Raghda ni mtoto na anahitaji saini ya mzazi. Mzazi ndiye mimi. Kwa hiyo hakuna tatizo. Nimekitazama mara kumi na saba.

Jumamosi, 18 Machi

Tatizo lipo. Sijalala vizuri siku mbili.

Nikabuni njia ya katikati: turudie kupiga, na msichana mwingine. Malak akakubali shingo upande. Tukaenda kwenye lango lile lile leo asubuhi. Nilijiandaa! Nikamtazama msichana yule kwa huzuni ya kibaba, nikashusha pumzi, nikaitoa leso polepole. Mwongozaji akauliza kama nampangusa mtoto au namuaga kaburini. Tukarudia mara sita. Mwisho Malak akanivuta pembeni akaniambia nisikasirike, mzee wangu, lakini siku ile nilikuwa mzuri kwa sababu sikuwa naigiza. Miaka ishirini na mitatu! Maneno hayo yameniuma.

Nimerudi nyumbani nikakaa na fomu mezani. Nikaandika "Wag", nusu ya jina langu. Nyuma ya ukuta nikamsikia Raghda akisoma jiografia kwa sauti, mito ya Afrika, anaikosea ile ile kila mara. Nikakumbuka "Binti Maiti". Muhula mzima alikwenda shule na jina hilo na asiniambie, asije akaniumiza.

Sikumalizia "di". Fomu nimeisukumia chini ya kitambaa cha meza. Nimempigia Malak kumwambia hapana, watafute pikipiki nyingine. Nimelia kidogo. Inshirah alikuwa anakata vitunguu, kwa hiyo haihesabiki.

Jumapili, 19 Machi

Inshirah alipopangusa meza akaiona fomu. Badala ya kuniletea mimi, kampelekea Raghda! Dakika mbili hazikupita, binti kasimama mbele yangu. Hii "Wag" ni nini? Nikaeleza yote. Akaomba kukiona hicho kipande. Nikasema sina. Simu yangu, khaini, ilikuwa imewaka mezani ikikionyesha.

Akakitazama. Kwenye mate akaziba macho. Kwenye fulana ya ndani akaguna "Baba, yaani wewe!" Nikaanza kuomba msamaha. Akaniambia ninyamaze. Kwa sababu kamera haikuzimwa alipoondoka. Mimi nimebaki pale na sufuria, na tai yangu ya njano yenye alama ya miwani, namwangalia tu. Nilidhani hizo ni sekunde zisizo na kazi.

Akauliza kama huwa nasimama hivyo kila anapotoka. Nikasema hapana, asubuhi nasimama roshani. Mpaka wapi? Mpaka apinde kona ya duka la mikate. Na akishapinda? Nikasema nangoja kidogo, pengine amesahau kitu arudi.

Kisha akavua miwani, akaipangusa kwa mkono wa shati langu, akasema nimalizie "di". Sharti moja: wenzake atawaambia mwenyewe, siku atakayopenda. Mimi nisitamke neno. Nikaapa.

Ijumaa, 21 Aprili. Idi

Sikutamka neno! Naandika hili liwe ushahidi.

Nilichofanya ni kuzungumza na mtunza viti wa sinema, yule anayewaonyesha watu nafasi zao kwa tochi. Raghda na marafiki zake wanne safu ya tano, mimi safu ya sita nimevaa miwani ya jua kama tulivyokubaliana. Mpango: kipande changu kikiisha, mtunza viti animulike kwa tochi. Asiseme jina, animulike tu. Hilo si kutamka.

Taa zikazimwa. Uso wangu mkubwa kama jengo la ghorofa! Ukumbi mzima ulicheka, mate, tai, fulana, oyee! Halafu pale ninapobaki na sufuria, wakanyamaza wote. Mama mmoja akapenga kamasi. Tochi ikawaka. Ikammulika Bayumi! Sijui nani alimwalika. Kasimama, kainama kulia, kainama kushoto, mtu aliyeigiza kwa sikio! Watu wakampigia makofi. Nami nimenywea kwenye kiti, kiapo kimenifunga mdomo.

Ndipo Raghda akasimama juu ya kiti chake. Mbele ya marafiki, mbele ya Shubra yote. "Siyo yule! Baba yangu ni huyu hapa!" Akaninyooshea kidole mpaka tochi ikanifikia mimi. Sikuona tena filamu iliyobaki. Miwani ya jua ilijaa maji.

Tulipotoka nje alikuwa na sukari ya biskuti za Idi shavuni. Marafiki wanne wanatazama. Foleni nzima inatazama. Mikono ikaenda yenyewe, leso, ulimi. Raghda akasema "Baba, jamani." Lakini alifumba macho akaniletea shavu.

Alipokwenda na wenzake nikamkumbusha fulana ya ndani. Joto lilikuwa la kutoa jasho, lakini jioni hubadilika.

Malak anasema kutakuwa na filamu ya pili. Kesho naanza mazoezi mbele ya kioo, ya kutoigiza. Tai ya njano iko kwa dobi. Nimeificha bendeji ya Bayumi, na nimeshamwambia Inshirah ni siku gani ya kumtuma mtoto na kabeji, na amwachie doa kidogo upande wa kushoto, ndiko mwanga uliko.