Gari la Kumtoa Swafia Kwao

Jumapili, 1 Desemba

Harusi ya Swafia ni Jumamosi na gari latetemeka. Si likienda, la. Likienda halina neno. Ni likisimama. Ukiondoa mguu kwenye mafuta tu, linaanza: usukani, kioo, milango, meno yangu. Leo kwenye foleni ya Barabara ya Digo, dereva wa tuktuk akatoa kichwa akaniuliza nasaga mahindi ya nani humo ndani. Sikumjibu. Nisingeweza kumjibu hata ningetaka, ulimi ulikuwa unaruka.

Gari ni la marehemu kaka yangu Saif. Jeupe, la mwaka themanini na nane. Siku zake za mwisho alinishika mkono akaniambia nimtoe mwanawe kwao kwa gari lile. Nikamwambia wallahi nitamtoa. Swafia alikuwepo, alisikia, na amesema hataki gari jingine. Lakini mamake, shemeji yangu Mwanaesha, asema mwanawe hapandi kitu kinachotikisika namna hiyo, na hina na piko na mapambo ya asubuhi nzima. Amenipa muda hadi Alhamisi, Maghribi. Likiwa bado halijatulia, Swafia atatolewa na gari la Taib.

Taib ni nduguye Mwanaesha. Gari lake jipya, halina sauti, milango yafunguka yenyewe. Yeye mjomba, mimi ami. Tangu lini mjomba akamtoa mwari na ami yuko hai?

Nikalipeleka kwa Chonga, fundi wa nyuma ya stendi ya Mwembe Tayari. Akachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine akaipitisha juu ya injini. Akasema gari lavuta hewa mahali fulani, nimwachie nusu siku apatafute. Nusu siku! Fundi akikwambia nusu siku, kanunue kalenda. Nikafunga boneti nikaondoka. Hewa! Hewa anavuta kila mtu na hatutetemeki.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimelijua tatizo. Ni plagi.

Nimezitoa zote nne mwenyewe. Nikaziosha kwa siki na mswaki wa zamani. Mke wangu Nasiha akaja kuuliza ni mswaki gani huo. Haukuwa wa zamani.

Plagi zikametameta. Nyaya zake pia ni nne, na zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Nikazirudisha kwa kukisia. Nikawasha pale pale nilipoliegesha, mbele ya Ngome ya Yesu. Paa! Moshi mweusi! Wazungu wakalala chini. Mtembeza wageni, aliyekuwa akiwaeleza habari za mizinga, akanijia akaniambia kwa adabu kwamba hahitaji msaada.

Ikabidi nimpigie simu Chonga. Akaja, akazipanga nyaya kwa dakika moja, akasema tatizo lipo pale pale, ni hewa. Nikamuuliza kama alisomea neno hilo moja tu. Akafuta mikono akaenda zake. Watu wa siku hizi hawataniki.

Jumanne, 3 Desemba

Hila mpya. Kama mtetemeko hauponi, basi usimfikie bibi harusi. Nimetandika kiti cha nyuma godoro la sponji, mito minne na blanketi, juu nikafunika kitambaa kizuri. Nikakaa. Raha mustarehe! Nikamwita Mwanaesha aje ajaribu.

Akaja na kikombe cha kahawa kutoka kwa muuza kahawa wa pembeni, kimejaa hadi ukingoni. Akasema kahawa ikitulia na mwanawe atatulia. Hakufundishwa na mtu, ni ukatili wake tu. Akapanda. Kwa sababu ya godoro kichwa kikagusa paa. Nikawasha, na mguu nikaubakisha kwenye mafuta. Injini ikavuma, kahawa ikatulia. Alhamdulillahi! Akaniambia niondoe mguu. Nikajifanya sisikii. Akaniita kwa jina langu kamili na la baba. Nikauondoa.

Kahawa yote buibuini. Nikamwambia buibui ni jeusi na kahawa ni nyeusi, nani ataiona? Lo, ulimi huu! Akashuka. Taib alikuwa kakaa baraza ya pili, akainuka akampa kitambaa cha kujifutia. Sijawahi kumwona mtu huyo bila kitambaa.

Jumatano, 4 Desemba

Nimepata! Gari latetemeka likisimama. Basi lisisimame.

Nimeipanga njia: kutoka mdomo wa kichochoro chao, Ndia Kuu, mpaka ukumbini Kizingo, bila kusimama hata mara moja. Leo mazoezi. Nasiha nyuma, leso kichwani hadi usoni, ndiye bibi harusi. Hatujafika mbali, mkokoteni wa maji ukakata njia. Nikapanda ukingo nikapita. Kufika mzunguko, magari yamejaa kila upande. Kungoja siwezi, nikazunguka. Nikazunguka tena. Mara ya tatu Nasiha alianza kuita majina ya wazee wake. Mara ya tano askari wa trafiki akanipungia mkono. Ya sita akanisimamisha.

Tukasimama, tukatetemeka. Askari akauliza nina nini. Halafu akachungulia nyuma, akamuuliza mwanamke aliyejifunika kama amekuja kwa hiari yake. Nasiha akasema hapana.

Dakika arobaini za kujieleza! Niliporudi Mwanaesha akasema, na kwa Bi Mwanakombo je? Nilisahau kabisa. Bi Mwanakombo ndiye shangazi wetu mkubwa, hatoki nyumbani. Kila mwari wa ukoo husimamishwa mlangoni kwake arushiwe marashi na kuombewa dua, na Bi Mwanakombo hana haraka katika dua. Robo saa ni kidogo. Na kwetu gari la bibi harusi halizimwi mpaka lifike, ni kisirani. Robo saa nzima, limesimama, linanguruma! Nimechoka. Nimechoka wallahi.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimekumbuka! Mwezi uliopita Taib aliliangalia gari akasema limezeeka vizuri. Hakusema mashaallah! Siku nne napoteza kwa plagi na magodoro, kumbe ni jicho la hasidi.

Baada ya Alasiri nikachukua chetezo cha Nasiha, makaa na ubani mwingi. Boneti wazi, injini inawaka, gari zima linaruka. Nikaanza kukizungusha chetezo juu ya injini huku nasoma. Watu wakajaa. Mwanaesha kaja kutoa hukumu, maana Maghribi ilikaribia. Taib kaja kunisanifu, apate la kucheka. Chonga naye akasema alikuwa anapita tu. Hata Swafia katoka, kajifunika gubigubi, na mwari hatakiwi kutoka. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikaona haya. Nikasoma kwa sauti zaidi.

Swafia ndiye aliyesema, ami, hebu tazama moshi. Moshi wote ulikuwa unapanda juu, isipokuwa uzi mmoja. Uzi huo ulipinda, ukashuka chini ya injini, ukaingia kwenye ufa wa kijimpira chembamba kama kidole, ukapotea. Chonga akaruka kama kaumwa na siafu. Akabana dole gumba palepale. Gari likanyamaza. Akaondoa dole, likatetemeka. Akabana, likanyamaza. Akatoa mpira mwingine begini, akauvisha na kuukaza. Dakika kumi! Hakulitaja neno lake, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Injini ikatulia tuli. Mwanaesha akaweka kiganja juu ya gari. Akasema hivi ndivyo lilivyokuwa zamani, Saif akija kumchukua, anasubiri nje na yeye ndani hasikii kitu mpaka achungulie dirishani. Akalia. Na mimi nikalia. Taib pia, kitambaa kikamfaa. Mwanaesha akasema gari litamtoa Swafia, na dereva ni mimi.

Watu wote wanasema ulikuwa mpira. Mpira! Jicho lilijificha mle, ubani ukalifuata. Mbona Chonga hakupaona Jumapili? Hakuwa na ubani!

Ijumaa, 6 Desemba

Nimeosha gari, nimelipamba asumini. Barazani nimewaeleza kisa chote mara tatu. Mtu mmoja ameniomba nikamfukizie pikipiki. Taib alikisikiliza mara zote tatu.

Jumamosi, 7 Desemba

Niandike kabla sijalala.

Tumetoka baada ya Alasiri. Vigelegele, matari, Swafia nyuma na mamake, gari lateleza. Nyuma yangu gari la Taib, tupu, likifuata kama fisi. Tukafika kwa Bi Mwanakombo, nikasimama. Marashi yakaanza, dua ikaanza. Nikasikiliza injini. Kimya. Nikashika usukani, haukuwa na uhai. Nikatazama kioo, kimetulia. Limezimika! Mlangoni kwa shangazi, katikati ya dua!

Nikageuza ufunguo haraka. Krrrrr! Sauti ya sufuria zinazoburutwa ngazini. Halijawaka, nikajua. Nikageuza tena. Krrrrr! Chonga, naye mwalikwa, alikuwa anakimbia huku anapunga mikono yote miwili. Nikadhani ananihimiza. Nikageuza mara ya tatu. Kisha nikazima kila kitu ili nianze upya, na hapo ufunguo ukatoa kijisauti kimoja, tik, basi. Hakuna kitu tena.

Bi Mwanakombo akanyamaza. Matari yakanyamaza. Mlango wa gari la Taib ukafunguka wenyewe. Mwanaesha akanitazama, akautazama mlango ule, akamshika Swafia mkono washuke. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimwona Saif kitandani, na mkono wake katika wangu.

Swafia hakushuka. Kutoka ndani ya shela akasema yeye ametoka kwao na gari la babake na atafika na gari la babake, na wanaume wote hawa wamevaa kanzu za nini kama hawana mikono. Wakacheka. Wakaja kumi na wawili. Taib akaikunja kanzu, akavua viatu, akashika nyuma katikati. Wakasukuma, matari yakarudi, watalii wakapiga picha. Mbele kidogo nikaachia klachi, likashika. Tukafika Kizingo kwa heshima.

Swafia aliponibusu mkono akasema babake angecheka mpaka akae chini. Taib alikuwa na jasho kanzu nzima na hakusema neno baya. Nilitafuta ubaya wake leo sikuuona. Kesho nitatafuta tena.

Jumapili, 8 Desemba

Chonga amekuja kutia stata nyingine. Ile imeng'oka meno. Asema gari halikuzimika hata kidogo pale mlangoni. Lilikuwa linawaka, mimi nikaliwasha juu ya kuwaka kwake. Nikamuuliza mtu angejuaje? Halitoi sauti, halitikisiki, linakaa kimya kama la Taib! Akasema ndivyo gari zima, lisilo na ubovu, linavyokuwa. Akaenda zake.

Nimelifikiri jambo hili kwa makini. Miaka yote gari lilikuwa linaniambia liko hai. Hawa wamelinyamazisha. Kosa si langu, kosa ni la ukimya. Na kesho Swafia na mumewe wanalitaka, waende kumzuru marehemu kaburini kisha wapite kwa Bi Mwanakombo kumalizia dua. Siwezi kuaibika mlango ule ule mara mbili.

Nimechukua kisu cha Nasiha cha kukatia ndimu. Nimeutoboa mpira mpya wa Chonga, tundu dogo tu, kiasi cha kujua kama linawaka.

Tundu la kwanza halikutosha. Nimeongeza la pili.