Divai ya Ufaransa Yenye Kizibo cha Gunzi

Jumatano, tarehe 10 Juni

Mimi Maganga nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili, nimeshinda njaa, mafuriko, wanunuzi wa pamba wa kila aina, na daktari aliyenikataza chumvi. Shule niliacha darasa la pili. Nilishajua yote.

Leo mjukuu wangu Elina kaleta chupa. Divai nyekundu ya Ufaransa! Imetoka kwa baba mkwe wake mtarajiwa, mzee Januarius wa Nyashimo, aliyepika kwenye hoteli za watalii mpaka akastaafu. Jumamosi wanakuja hapa Lagangabilili kuposa, tuinywe pamoja. Mdogo wangu Luhaga akauliza kama naijua. Nikamwambia nimeinywa kabla yeye hajaota meno. Sijawahi kuiona.

Elina kanitafsiria karatasi ya chupani. Eti ina ladha ya zambarau, moshi, tumbaku na ngozi. Ngozi! Nimelala juu ya ngozi tangu utoto, hakuna aliyeniambia inanyweka! Eti iliwe na nyama ya ng'ombe ya kuchoma. Samaki hapana. Mfaransa anifundishe kula?

Alhamisi, 11

Nimeifungua. Nitasifuje mbele ya wakwe kitu nisichokijua? Kizibo kikagoma, nikakisukumia ndani kwa msumari. Nikanywa. Mayu wane, mama yangu! Ulimi ulikauka kama nimetafuna pera bichi. Sukari hakuna kabisa!

Nikajaribu na dagaa. Loo! Kama kulamba panga lenye kutu. Nikajaribu na maziwa mgando. Hilo siandiki. Mbwa alionja, akaondoka, hajarudi.

Na michembe ikawa afadhali. Viazi vyetu vikavu havina makuu. Ndiyo maana chupa imefika nusu.

Ijumaa, 12

Akili! Nimeijaza kwa juisi ya choya, tangawizi na sukari ya dukani kwa Hilali. Rangi ile ile! Kizibo kimezama, nimeziba kwa gunzi la mahindi, nimelichonga vizuri. Sasa divai ina adabu.

Jumamosi, 13

Aibu! Wageni wamefika, wakasalimu mwadila, mwadila, wakakaa. Luhaga akainua chupa mbele ya watu wote, akaigeuzageuza. Akauliza, kaka, kumbe na Ufaransa wanalima mahindi?

Mke wa Januarius, Mektilda, akasimama. Akasema chupa imetoka kwake imefungwa, anaikuta imefunguliwa, na kwao chupa ya namna hiyo hainywewi. Kila mtu akajua anachosema. Sumu! Wajomba wao wakaanza kutafuta viatu. Elina machozi yanamlengalenga. Akaniambia, Guku, babu yangu, leo umenipa talaka kabla sijaolewa.

Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza, wageni waone usalama. Nikaonja. Mektilda akasema kuonja hakutoshi. Nikainywa yote! Nyama ya kuchoma ilipita mbele yangu, sikuweza hata kuitazama. Mektilda akatangaza kwamba hawaondoki wala hawaposi. Mzee akiamka kesho, wanaoa. Asipoamka, wanazika.

Luhaga akanilaza kwenye ngozi yangu. Akauliza kama ile ladha ya ngozi nimeipata.

Jumapili, 14

Nimeamka! Kichwa ngoma tupu. Kufumbua macho, ukoo mzima wa Nyashimo umesimama mlangoni. Vigelegele! Elina kaposwa. Kaniinamia akanitukana kwa furaha, eti mume wangu mzee, usinifanyie tena. Nisingeamka, harusi ingetoka wapi? Luhaga anasema nisingeifungua, pasingekuwa na shida. Wivu huo.

Januarius kaacha chupa ya pili, ya siku ya harusi. Wamempa Luhaga, kaifungia kabatini. Mimi mtu mzima nanyimwa! Ila kabati lile nilimchongea mwenyewe, najua linavyofunguka. Msumari ninao. Na kosa nimeshaligundua: tangawizi ilikuwa kidogo.

Anayebisha haya amuulize Elina. Au Mektilda, aliyekaa kando yangu akisikiliza kama napumua. Luhaga asiulizwe.